Kuachana na Dalali: Mpaka Ajue Yeye, Mpaka Wajue Wateja

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na nyinyi madalali mliokuja kusikiliza, maana jambo hili linawahusu pia: mwangaluka.

Tumeombwa tuzungumzie jambo moja. Mwenye nyumba au mwenye kiwanja akitaka kuachana na dalali wake, afanye nini ili waachane kweli? Tunasema "kweli" kwa sababu watu wengi hapa Tabora wanaamini wameshaachana na dalali, kumbe mbele ya sheria bado ni wakala wao. Mtu amekasirika, amezuia namba ya dalali kwenye simu, amewaambia watoto, "Yule akija msimfungulie geti." Kwake yeye limekwisha. Dalali hana habari. Jumamosi anampeleka mteja aliyetoka Urambo akakione kiwanja, anapokea shilingi 500,000 za kushikilia, anaandika risiti kwa jina la mwenye kiwanja. Wiki hiyo hiyo mwenyewe amekiuza kwa mtu mwingine. Yule wa Urambo atamfuata nani? Atamfuata mwenye kiwanja, na kama dalali alikuwa ameruhusiwa kupokea fedha, dai hilo lina nguvu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na dalali ni wakala. Inasema kumwondoa wakala kunaanza kufanya kazi kwa wakala mwenyewe siku anayopata habari, na kwa watu wa nje siku wao wanayopata habari. Hizo ni siku mbili tofauti. Hasira yako haimo. Kwa hiyo kazi ya kuachana na dalali ni kazi ya kupeleka habari, kwanza kwake, halafu kwa kila mtu anayemjua kama mtu wako. Karibu yote tutakayoyasema yanatoka hapo.

Lakini kabla hujapeleka habari, kaa chini ukumbuke mlikubaliana nini. Wengi watasema, "Hatukuandikishana." Hata maneno ya mdomo ni makubaliano, na siku hizi mdomo umehamia WhatsApp. Fungua simu, rudi nyuma mpaka ujumbe wa kwanza. Tafuta mambo manne: bei uliyomtajia, malipo yake na nani anayalipa, muda mliopeana, na kama ulimwahidi kuwa yeye ndiye dalali pekee. Usifute chochote, hata matusi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi, na ujumbe uliofutwa upande wako bado upo kwenye simu ya mwenzako.

Kama hamkupeana muda, unaweza kumwachisha wakati wowote, ila umpe notisi ya muda unaostahili. Sheria haitaji idadi ya siku. Kwa nyumba ya kupangisha, siku 7 zinatosha. Kwa kiwanja au nyumba ya kuuza, ambako dalali anaweza kuwa na mteja aliyekwenda kukusanya fedha, tunashauri siku 14 mpaka 30. Kama mlipeana muda, kwa mfano miezi 6, na wewe unataka kumwachisha mwezi wa 3 bila sababu ya msingi, anaweza kukudai fidia. Sababu ya msingi ni kama kuficha fedha ya mteja, kutaja bei ambayo hukumruhusu, au kununua mwenyewe kwa kutumia jina la shemeji yake. Hiyo ya mwisho hutokea kuliko watu wanavyofikiri, na sheria inakuruhusu kuukataa mauziano ya namna hiyo ukigundua kuwa alikuficha jambo la msingi, au kwamba mauziano yenyewe yamekuumiza.

Kuna kauli moja inayoharibu mambo mengi, nasi tunaomba muiache kabisa: "Mimi nipe milioni 10, kinachozidi ni chako." Inasemwa kirahisi, mara nyingi kwa nia njema, kumtia dalali moyo. Bila kauli hiyo, dalali akiuza kwa milioni 13 akakuletea 10, zile 3 ni faida aliyoificha na unaweza kumdai. Ukishaitamka, umempa ruhusa. Huwezi tena kumwachisha kwa kosa la kupiga cha juu, kwa sababu cha juu umempa wewe. Weka asilimia. Hapa kwetu watu hutaja asilimia 10 kwa kiwanja, na wanaobishana hushuka mpaka 5. Kwa kiwanja cha shilingi 14,000,000, tofauti ya asilimia hizo mbili ni 700,000, kwa hiyo usiseme tu "asilimia ya kawaida." Hakuna ya kawaida.

Sasa tufike penye ugomvi wenyewe: wateja alioshawaleta.

Dalali amemleta mteja mwezi wa sita. Mteja ameangalia, ametikisa kichwa, ameondoka. Mwezi wa saba umemwachisha dalali. Mwezi wa nane mteja yule yule anapiga hodi mwenyewe, fedha ya tumbaku imeshaingia, anataka kununua. Je, dalali analipwa? Kama yeye ndiye aliyewakutanisha na mauziano yametokana na kukutanishwa kule, ana hoja nzito ya kulipwa, hata kama siku ya kuhesabu fedha hayupo. Sheria haikuruhusu kufuta nyuma kazi ambayo wakala amekwisha kuifanya. Wapo wenye viwanja wanaomwachisha dalali makusudi mteja akishaonyesha nia, ili wauze "moja kwa moja." Huko ni kula jasho la mtu. Na mahakamani hakupendezi, kwa sababu tarehe zinajionyesha zenyewe: mteja kaletwa tarehe 8, dalali kaachishwa tarehe 15, mauziano yamesainiwa tarehe 20.

Kwa upande mwingine, dalali hawezi kudai kila mtu aliyewahi kupita barabarani akaangalia ukuta wako. Wapo wanaotoa orodha ya majina 30 siku ya kuachana. Dawa ni daftari la kurasa 48, la shule, linalokaa nyumbani tangu siku ya kwanza. Kila mteja anayekuja, mstari mmoja: tarehe, jina, tarakimu 4 za mwisho za simu yake, nani amemleta, bei aliyotaja. "Juni 8, mama wa Kaliua, 4471, kaletwa na dalali, ametaja milioni 11, atarudi baada ya soko." Mstari kama huo ukiandikwa siku ile ile una uzito kuliko mashahidi watatu wanaojaribu kukumbuka. Na kama daftari hukuwa nalo, liandike leo kwa kadiri unavyokumbuka, ukitumia tarehe za simu zilizopigwa.

Kisha wekeni kikomo. Kwa kiwanja, siku 90 ni haki kwa pande zote: mteja aliyeletwa na dalali akinunua ndani ya siku 90 baada ya kuachana, dalali analipwa, zikipita, halipwi. Kwa nyumba ya kupangisha siku 30 zinatosha, kwa sababu mpangaji hangoji.

Tuje kwenye barua. Iwe ukurasa mmoja, kwa mkono au kwa kompyuta, nakala mbili zinazofanana. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mimi, mmiliki wa kiwanja namba hii, kitalu hiki, kilichopo Ipuli, ninakujulisha kuwa kazi niliyokupa tarehe 3 Machi ya kunitafutia mnunuzi inakoma tarehe 30 Juni. Kuanzia siku hiyo usionyeshe kiwanja hiki, usipokee fedha yoyote kwa niaba yangu, ondoa matangazo yote uliyoyaweka, na uwajulishe wenzako uliowashirikisha. Kabla ya tarehe 7 Julai niletee orodha ya wateja uliowaleta, hesabu ya fedha yoyote uliyopokea, funguo mbili za geti, na nakala ya barua ya ofa ya kumilikishwa kiwanja niliyokukabidhi. Wateja ninaotambua kuwa umewaleta wewe ni hawa wawili. Mmoja wao akinunua kabla ya tarehe 28 Septemba, nitakulipa asilimia 5 tuliyokubaliana."

Angalieni kilichomo: mali ipi, kazi ipi, inakoma lini, marufuku gani, arudishe nini, mwisho lini, na unachokubali kumlipa. Angalieni pia kisichomo. Hakuna "wewe ni tapeli." Barua ikiwa na tuhuma usizoweza kuzithibitisha, kesi inahama kutoka kwenye kiwanja inakwenda kwenye heshima ya mtu, na hapo wewe ndiye mshitakiwa. Kama una sababu, itaje kwa tarehe na tukio: "tarehe 2 Juni ulipokea shilingi 300,000 kutoka kwa mteja na hukunijulisha." Inatosha.

Mpe nakala moja, ya pili aiandikie "Nimepokea," asaini, aweke tarehe. Hapa wengi wanajichanganya: saini ya "nimepokea" haina maana ya "nimekubali." Inathibitisha kwamba habari imemfikia, basi, na kwa kumwachisha hiyo ndiyo unayohitaji, kwa sababu kuachishwa hakuhitaji ridhaa yake. Lakini kile kikomo cha siku 90, kama hamkukubaliana tangu mwanzo, kinahitaji ridhaa. Kwa hiyo ongezeni mstari wa pili chini: "Nimekubali utaratibu wa malipo ulioandikwa hapa," nao ausaini. Akikataa wa pili na kukubali wa kwanza, umemwachisha tayari. Lililobaki ni mazungumzo ya fedha.

Akikataa kupokea kabisa? Nenda na mtu mzima asiye ndugu yako, mwache ashuhudie umeisoma na umeiacha. Mwombe mtendaji wa mtaa aandike kwenye nakala yako kwamba barua imepita mikononi mwake. Siku hiyo hiyo ipige picha uitume kwenye namba ile ile mliyokuwa mkiwasiliana. Ukiweza, itume pia kwa rejista Posta na utunze stakabadhi. Ukifanya mawili kati ya haya, hatasema hakujua. Ndiyo maana tunakataza kumzuia kwenye simu kabla barua haijamfikia: unakuwa umeziba mlango ambao habari yako ilipaswa kupitia.

Kuhusu vitu vya kurudishwa, kimoja kinatuumiza roho kila tukikiona: hati halisi mkononi mwa dalali. Sheria inampa wakala haki ya kuzishikilia karatasi za mwenye mali mpaka alipwe kile alichokwisha kukifanyia kazi, kama hamkukubaliana vinginevyo. Maana yake, ukimpa hati halisi, siku ya kuachana ana kitu cha kukubana nacho, na huenda yuko ndani ya haki yake. Dalali hahitaji hati halisi kumwonyesha mtu kiwanja. Mpe nakala iliyoandikwa kwa kalamu katikati, juu ya maandishi: "Kwa kuonyesha mteja tu," na tarehe. Mnunuzi wa kweli akitaka kuiona halisi, ataiona mbele yako, na ataikagua ofisi ya ardhi.

Kwa funguo, usihesabu tu zilizorudi. Ufunguo unachongwa dakika chache, na haiachi alama. Badilisha silinda ya kitasa, au kufuli la geti, siku ile ile notisi inapokwisha. Mwonekano wa nyumba haubadiliki, ila mtu akija na mteja hataingia.

Fedha ni jambo jingine. Wakala anawajibika kutoa hesabu ukimdai. Muulize kwa maandishi kama amepokea chochote kutoka kwa yeyote, hata shilingi 10,000 ya "kuonyeshwa." Jibu lake la maandishi, hata likiwa "sijapokea," lina thamani, kwa sababu mteja akijitokeza kesho na risiti, dalali ndiye aliyesema uongo. Kiasi anachokudai kihalali mlipe mara moja, kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki, na aandike: "Nimelipwa shilingi kadhaa, sina dai lingine kuhusu kiwanja hiki isipokuwa wateja wawili waliotajwa." Katika sehemu ya kazi aliyoifanya kwa utovu wa uaminifu, sheria haimpi haki ya malipo. Sehemu nyingine aliyoifanya kwa uaminifu, mlipe.

Sasa habari kwa watu wa nje. Dalali mmoja hafanyi kazi peke yake. Kiwanja chako cha Ipuli kipo kwenye simu ya yule uliyemkabidhi, wa Isevya aliyetumiwa picha, wa Kanyenye aliyeiweka kwenye grupu, na kijana wa bodaboda anayejua njia ya kufika. Kisheria, mamlaka ya wakala mkuu yakikoma, na ya wale aliowateua yeye yanakoma pamoja naye. Lakini wao na wateja wao hawajui mpaka waambiwe. Weka tangazo fupi kwenye magrupu yale yale: kiwanja gani, tangu tarehe gani, anayekitaka awasiliane na mwenyewe kwa namba hii. Usitaje jina la dalali kwa ubaya. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa nakala ya barua, kwa sababu mnunuzi mwangalifu huanza kuuliza kwake. Waambie majirani wa pande zote nne. Kama kuna mpangaji ndani, yeye ndiye wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayefungua mlango wageni wakija. Na wale wateja uliowaandika kwenye daftari, wapigie mmoja mmoja.

Halafu kuna ukuta. Mara nyingi ukuta ndio unaosahaulika. "NYUMBA INAUZWA," kwa rangi ya mafuta, na namba ya dalali chini yake. Barua imepokelewa, fedha imelipwa, funguo zimerudi, lakini ukuta bado unamwita mtu wako mchana na usiku. Mpita njia akipiga namba ile ana haki ya kuamini anayepokea ni wakala wako, maana ukuta ni wako. Rangi ya mafuta haifichwi na chokaa. Mvua mbili tu maandishi yanarudi. Kwangua kwa msasa, paka rangi ya mafuta mikono miwili, andika upya namba yako au "HAIUZWI." Piga picha ikiwa na tarehe.

Kwa waliompa dalali hati ya uwakilishi, yaani karatasi iliyoshuhudiwa na wakili ikimruhusu kusaini kwa niaba yako, barua ya kawaida haitoshi. Andika hati ya kuifuta, nayo ishuhudiwe na wakili, mkabidhi, na udai ile ya kwanza irudi. Kama ilisajiliwa kwa Msajili wa Hati, peleka na hii huko huko, la sivyo kwenye kumbukumbu bado anaweza kusaini. Ushauri wetu: usimpe dalali hati hiyo kabisa. Kutafuta mteja hakuhitaji saini yako.

Na kuna uwakala unaokufa wenyewe. Mwenye nyumba akifariki, kazi ya dalali imekoma, hata kama mteja yuko njiani. Tunalisema hili kwa uzito kwa ajili ya wajane na watoto. Dalali akija msibani akisema "marehemu alishaniachia kazi, tumalizie tu," jibu ni kwamba hakuna wa kumalizia naye mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi akitaka kumtumia dalali yule yule, watakubaliana upya. Na hata wote wakiwa hai, nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake: Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenzi. Mke ambaye hakushirikishwa anaweza kusimamisha mauziano, na dalali aliyeelekezwa na mume tu ataona amefanya kazi bure.

Mpangaji anayetafutiwa chumba, kwako ni rahisi. Fedha ya kuonyeshwa ikishatoka mara nyingi hairudi, kwa hiyo ulizeni mapema inalipia kuonyeshwa nyumba ngapi. Ule mwezi mmoja wa dalali, yaani kodi ya mwezi mmoja anayodai kama malipo yake, usilipwe kabla hujasaini na mwenye nyumba na kushika funguo. Ukiachana naye, mwandikie ujumbe ukitaja nyumba alizokuonyesha, ili asije kudai malipo ya nyumba nyingine uliyoipata mwenyewe.

Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Deni la udalali ni deni la mkataba, Mahakama ya Mwanzo inalipokea. Lakini kama ugomvi ni nani mwenye kiwanja, huko Mahakama ya Mwanzo haiingii: Baraza la Kata linasuluhisha, na likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu hupoteza miezi kwa kupeleka shauri mlango usio wake.

Waliokuja na mikataba au ujumbe wao wa simu wabaki hapa mbele, tuusome pamoja. Madalali nanyi msiondoke. Yupo aliyeachishwa bila kulipwa, naye tunataka kumsikia.